Sayansi inaweza nini na inaishia wapi: mwongozo wa vipindi kwa mwalimu wa fizikia, Kidato cha Tatu na cha Nne

Kusanya madaftari ya jaribio la pendulamu ya darasa zima uyapange mezani. Ukikuta daftari baada ya daftari lina g (mchapuko wa uvutano) = 9.81 m/s² kamili, bila kipimo hata kimoja kilichokatwa, jua kwamba data imepikwa. Mwanafunzi ameanza na jibu, akarudi kinyumenyume na kikokotozi mpaka kwenye sekunde, kisha akajaza jedwali. Muulize hatua za mbinu ya kisayansi, atakutajia zote kwa mpangilio, maana alizikariri Kidato cha Kwanza. Tatizo lake ni kwamba anaamini jaribio lipo ili lifike kwenye jibu ambalo kitabu kinalijua tayari, na kwamba kipimo kisichofanana na kitabu ni aibu ya kufichwa.

Ukimpa somo la ubaoni lenye kichwa "Mipaka ya Sayansi" na hoja tano, atazikariri hizo nazo. Njia inayofaa ni kumfikisha kwenye mpaka wenyewe kwa mikono yake. Mwongozo huu unahitaji vipindi vinane vya dakika 40, sita kati yake vikiwa vya mfululizo, viwili viwili. Usivifundishe wiki moja. Pendulamu ifuate pendulamu ya silabasi, maji moto na baridi yaingie mada ya joto, na vilivyobaki vichomekwe katikati ya muhula.

Kipindi cha kwanza: kusafisha maneno

Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, lakini mwanafunzi anafikiri kwa Kiswahili, na Kiswahili chetu cha mitaani kina mitego minne hapa. Andika maneno haya ubaoni, waache wanafunzi dakika kumi waandike wanavyoyaelewa, ndipo muyafumue pamoja.

*Nadharia.* Mtaani "hiyo ni nadharia tu" maana yake ni maneno matupu yasiyo na vitendo. Katika fizikia nadharia ni maelezo ya kwa nini jambo linatokea, yaliyojaribiwa kwa njia nyingi. Kuna jingine baya zaidi: dhanio la utafiti tumelipa jina "nadharia tete". Jina hilo linamjengea mwanafunzi picha ya zao changa, kwamba leo ni tete, likikomaa linakuwa nadharia, na likikauka vizuri linakuwa sheria. Hakuna ngazi ya namna hiyo. Kanuni inasema *nini* hutokea, nadharia inasema *kwa nini*. Kanuni ya Boyle ya mwaka 1662 inaeleza jinsi kanieneo na ujazo wa gesi vinavyohusiana. Nadharia ya mwendo wa chembe, iliyoshika mizizi karne ya 19, inaeleza sababu yake. Moja haikugeuka kuwa nyingine, na hadi leo zote mbili zinafundishwa.

*Sheria na kanuni.* Sheria huvunjwa na mhalifu, kwa hiyo mwanafunzi akisikia "sheria ya Ohm", kwamba mkondo hupanda sawia na volti, anadhani balbu inalazimika kuitii. Mwoneshe balbu ya tochi: pima mkondo kwa volti 0.5, 1, 1.5, 2 na 2.5. Grafu inapinda, kwa sababu uzi wa balbu ukipata joto ukinzani wake huongezeka. Balbu haijakosa adabu. Kanuni ya Ohm ina masharti yake, na sharti la jotoridi kutobadilika halikutimia. Hakikisha tu ni balbu ya uzi, maana tochi nyingi za siku hizi ni za LED, na hizo zina tabia nyingine kabisa.

*Kuthibitisha.* Neno hili linabeba mambo mawili: kukata shauri moja kwa moja, kama cheti kilichothibitishwa, na kuona kwamba matokeo yanaafikiana na dai. Waambie kuanzia leo hitimisho la ripoti lisiandikwe "jaribio limethibitisha kwamba". Liandikwe "matokeo yanaafikiana na" au "hayaafikiani na", na mbele yake ziwekwe tarakimu.

*Kosa.* Hili ndilo linalozaa upishi wa data. Ukimwambia mtoto aandike "makosa ya jaribio lake", anasikia unamwambia aungame. Tumia "mashaka ya kipimo" kwa ule upana usioepukika wa kila kipimo, na neno kosa libaki kwa kosa lenyewe, kama kusoma rula kuanzia sm 1 badala ya sifuri.

Kipindi cha pili na cha tatu: bomba lisilofunguliwa

Kwa kundi la wanafunzi 40 tengeneza mabomba manne. Kila moja linahitaji:

- kipande cha bomba la PVC la inchi 2, urefu sm 30
- kamba mbili za nailoni za rangi moja, unene wa mm 3 hivi, sm 70 kila moja
- shanga nne kubwa au vipande vya mti vya kuzuia kamba isiingie ndani
- vifuniko viwili, au kadibodi na gundi ya karatasi ya kuzibia ncha

Choma msumari wa inchi 4 uwe mwekundu, ushike kwa koleo, toboa matundu mawili yanayotazamana sm 3 kutoka juu, na mengine mawili sm 3 kutoka chini. Fanya kazi hiyo nje, moshi wa PVC una sumu. Ukiwa na keekee ni bora zaidi. Lainisha kingo za matundu, la sivyo kamba itakwama na wanafunzi watachunguza mkwamo badala ya bomba.

Pitisha kamba ya kwanza kwenye matundu ya juu. Kwa waya wenye ndoana, vuta katikati ya kamba hiyo ishuke ndani mpaka kitanzi kitokeze chini. Pitisha kamba ya pili ndani ya kitanzi hicho, kisha ncha zake uzitoe kwenye matundu ya chini. Sasa kamba mbili zimeshikana ndani kama watu wawili waliopeana viwiko. Vuta zilegee na zikaze, funga shanga kwenye kila ncha ili kila kamba ibaki na sm 40 hivi pamoja na mafundo, kata ziada, ziba ncha za bomba. Kamba ikiwa ndefu zaidi ya sm 45 inalegea ndani, na ukivuta upande mmoja ule mwingine haujibu. Ikiwa fupi kuliko sm 35 haina nafasi ya kucheza.

Darasani, simama mbele, vuta ncha ya juu kushoto. Ya juu kulia inaingia. Vuta ya chini kulia. Ile ndefu ya juu inaingia. Vuta tena, mara sita au saba, usiseme neno. Kisha wape dakika tano, kila mmoja peke yake na bila kunong'onezana, wachore kilichomo ndani. Baada ya hapo wakae vikundi vya wanne, walinganishe michoro na kuchagua miwili inayotofautiana. Ndipo uwape swali lenye uzito: *Mchoro wako unatabiri nini nikivuta ncha mbili za juu kwa pamoja? Na mchoro ule mwingine?* Mabomba yafike mikononi mwao baada ya utabiri kuandikwa, siyo kabla.

Michoro itakuwa mingi: kamba zilizofungwa fundo, pete katikati, kapi, hata mpira wa kunyoosha. Baadhi itakufa kwenye utabiri wa kwanza. Mchoro wa pete na ule wa kamba zilizoshikana huwa unapona, kwa sababu ukivuta kutoka nje tabia zake karibu ni zile zile. Wape maboksi ya karatasi za chooni na uzi watengeneze modeli zao na kuzilinganisha na bomba.

Kisha watakuomba ulifungue, na hapo ndipo kipindi kinapopona au kufa. Usilifungue, hata kengele ikilia, hata mwisho wa mwaka. Ukilifungua, umewafundisha kwamba jibu lilikuwa mfukoni mwa mwalimu muda wote. Ndani ya atomu au kiini cha Dunia hakuna mwalimu wa kufungua. Tunajua kiini cha nje cha Dunia ni kimiminika kwa sababu aina moja ya mawimbi ya tetemeko haipiti humo, na hakuna aliyefika huko na ndoo. Ukiwa na wasiwasi kwamba watalichungulia kwa tochi ya simu, waache wachungulie matunduni. Kubuni chombo kipya cha kuchunguzia nako ni sayansi.

Kipindi cha nne na cha tano: pendulamu, kalamu ya wino, na pembe kubwa

Sheria ya kipindi ni moja. Vipimo vyote vinaandikwa kwa kalamu ya wino, na unachodhani kimekosewa kinakatwa kwa mstari mmoja unaoacha tarakimu zikisomeka, na sababu inaandikwa pembeni. Hakuna kufuta.

Kila kundi liwe na nati nzito ya bolti, uzi usiovutika (nailoni nyembamba inavutika, wa pamba unafaa), rula ya mita, protrakta ya mkebe wa hesabu, na stopwochi ya simu. Urefu ni mita 1.00 kutoka pale uzi unapobanwa mpaka *katikati* ya nati. Wengi hupima mpaka kwenye fundo.

Sehemu ya kwanza ni mashaka. Pembe iwe ndogo, chini ya nyuzi 10. Wapime mzunguko mmoja, mara tano. Kisha wapime mizunguko 20 kwa pamoja, mara tano. Simu inaonesha sekunde hadi sehemu ya mia, lakini kidole cha binadamu kinachelewa kwa sekunde 0.2 hivi, na kuanza na kusimamisha kwa pamoja kunaleta mashaka ya sekunde 0.3. Kwa mzunguko mmoja wa sekunde 2 hayo ni asilimia 15. Kwa sababu T, yaani muda wa mzunguko mmoja, inapigwa kipeo cha pili katika fomula ya kukokotoa g, g inapata mashaka ya asilimia 30, yaani 9.8 ± 3. Kwa mizunguko 20 (sekunde 40.2 hivi) mashaka ya muda yanashuka chini ya asilimia 1, na pamoja na nusu sentimita ya urefu, g inakuwa 9.8 ± 0.2.

Weka majibu ya vikundi vyote kwenye mstari wa namba ubaoni. Hapo waeleze kwamba karibu na ikweta, kwenye usawa wa bahari, g ni takribani 9.78, na Nairobi iliyo juu mwinuko ni pungufu kidogo ya hapo. Ile 9.81 waliyozoea kuipikia ni ya nchi zilizo mbali na ikweta. Aliyepika amepika jibu la ugenini. Na jaribio lao, kwa mashaka ya ± 0.2, halina uwezo wa kuzitofautisha 9.78 na 9.81. Waache wakae na jambo hilo kidogo: chombo kina kikomo, na kukitaja kikomo hicho ni sehemu ya jibu.

Sehemu ya pili ni kikomo cha fomula yenyewe, kitu ambacho vitabu vingi hukipita kwa maneno mawili, "pembe ndogo". Usiwaambie kinachotokea pembe ikiwa kubwa. Waambie wapime mizunguko 10 kwa nyuzi 10, 30 na 60. Kwa mita 1 watakaribia hivi:

- nyuzi 10: sekunde 20.1
- nyuzi 30: sekunde 20.4
- nyuzi 60: sekunde 21.6

Tofauti ya nyuzi 60 ni sekunde 1.4 na zaidi, mara nne au tano ya mashaka ya kidole. Hiyo ipo kweli. Tofauti ya nyuzi 30 ni sekunde 0.3, sawa na mashaka yenyewe. Kwa data yao hawawezi kusema ndiyo wala hapana mpaka warudie mara nyingi. Kwa nyuzi 60 majibu huwa yanashuka kidogo kuliko ninavyoandika hapa, kwa sababu hewa inapunguza mbembeo na mzunguko wa kumi si wa nyuzi 60 tena. Mwanafunzi akigundua hilo bila kuambiwa, mpe alama zake.

Hitimisho la kuandika daftarini liwe la maneno yao. Likikaribia "fomula si ya uongo, ina eneo lake la kazi, na tumeona ukingo wa eneo hilo uko wapi", umefika.

Kipindi cha sita na cha saba: maji moto, maji baridi, na swali la Mpemba

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yalipaswa kuchemshwa, yapoe, ndipo yaingie friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa inakwisha, naye akayaingiza yake yangali moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, alipoliuliza tena mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Siku Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alipotembelea Mkwawa, Mpemba akasimama akauliza tena, wenzake wakacheka. Osborne aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaripoti kwamba maji ya moto kweli yaliganda kwanza, lakini akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka mwaka 1969.

Isome hadithi hii darasani mpaka kwenye ahadi ya fundi, kisha uliza: *Fundi amekosea wapi?* Ni upishi ule ule wa 9.81, umevaa koti jeupe.

Walimu wengi huishia hapo, wakaifanya hadithi ya kijana shujaa na mwalimu mjinga. Hapo wanapoteza nusu ya somo. Shaka ya mwalimu ilikuwa na msingi: maji ya nyuzi 90 lazima yapitie nyuzi 30 kabla ya kuganda, sasa yatayapitaje yale yaliyoanzia 30? Kosa lake lilikuwa kulikataa swali bila kujaribu. Na jambo lenyewe mpaka leo halijatulia. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilishindanisha maelezo ya sababu yake, ikapokea zaidi ya 20,000. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walichapisha vipimo vyao wakasema hawakuona athari hiyo, na kwamba tofauti ya sentimita moja tu ya mahali kipimajoto kinapokaa ndani ya maji inatosha kuizua. Wengine bado wanaitetea katika mazingira fulani.

Sasa wafanye wenyewe. Shule isiyo na friza iombe kwa muuza barafu au duka la soda. Mchana mmoja unatosha kwa raundi moja. Hatua ni hizi:

1. Kabla ya kugusa maji, darasa likubaliane "kuganda" ni nini: utando wa kwanza wa barafu, kipimajoto kufika sifuri, au donge gumu mpaka chini? Andika chaguo hilo. Makundi mawili yakichagua tofauti yanaweza kupata majibu yanayopingana, na yote mawili yakawa kweli.
2. Vikombe vinne vinavyofanana kabisa, kila kimoja ml 70 za maji. Osborne alitumia ml 70 katika bika za ml 100.
3. Maji yote yachemshwe kwanza, kisha mawili yaachwe yapoe hadi nyuzi 25 na mawili yatumike kwa nyuzi 85–90. Ukilinganisha maji yaliyochemshwa na ya bomba, umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, joto na hewa iliyoyeyuka.
4. Weka vikombe juu ya kipande cha lile boksi jeupe jepesi linalokuja na televisheni. Bila hicho, kikombe cha moto kinayeyusha sakafu ya barafu ya friza na kukaa vizuri zaidi kuliko chenzake.
5. Pima uzito wa kila kikombe kabla na baada. Maji moto hupoteza mvuke. Hata kama kupoa kote kungetokana na mvuke pekee, yangepungua asilimia 15 hivi. Hilo linasaidia kugandisha, lakini je, linatosha?
6. Vipimajoto vyote vikae kina kimoja. Vifunge kwa kijiti kinacholala juu ya kikombe, tumbo la kipimajoto likiwa katikati ya maji.
7. Soma kila dakika tano, haraka. Mlango ukiachwa wazi nusu dakika kila mara hutapata barafu jioni hiyo.
8. Rudia angalau mara tano, ukibadilisha nafasi za vikombe. Kona ya nyuma ya friza ni baridi kuliko karibu na mlango.

Mara nyingine maji yatashuka chini ya sifuri bila kuganda, kisha yagande ghafla kipimajoto kikiruka kurudi sifuri. Huko ni kupoa kupita kiwango, na hutokea kwa bahati, ndiyo maana raundi moja haisemi kitu. Katika mengi ya majaribio ya darasani maji baridi yatashinda, na katika machache ya moto. Usiwaokoe kwa jibu. Kila kundi liandike aya moja: tulipata nini, chini ya masharti gani, tungehitaji nini ili tuseme zaidi.

Kipindi cha nane: maswali ya fizikia na maswali yasiyo yake

Andika maswali kwenye vipande vya karatasi, vikundi viyapange katika mafungu matatu: fizikia inaweza kuyajibu, inaweza kusaidia tu, haiwezi. Haya yanafanya kazi:

- Bwawa la Julius Nyerere linaweza kuzalisha megawati ngapi?
- Je, ilikuwa sawa kulijenga ndani ya hifadhi?
- Kwa nini radi hupiga mnazi mrefu kuliko kichaka?
- Kwa nini radi ilimpiga yule, siku ile?
- Je, kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinachouzwa mitandaoni kinapunguza bili ya umeme?
- Je, taarabu ni nzuri kuliko bongofleva?

Bwawa ni mfano mzuri kwa sababu sehemu yake ya fizikia ni safi: mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, na mwanafunzi anaweza kukokotoa kwa mtiririko na kimo cha maji. Lakini hakuna fomula inayotoa uzito wa tembo dhidi ya uzito wa taa ya mgonjwa. Fizikia inaleta namba mezani, na uamuzi unafanywa na watu.

Kifaa cha ukutani kipime hasa. Soma mita ya LUKU, washa birika la maji lita moja mara tano na kifaa, mara tano bila kifaa, linganisha yuniti. Ni somo la dakika 40 linaloweza kuokoa fedha ya mzazi.

Radi ndiyo inayohitaji mkono mwepesi. Darasani kuna mtoto ambaye nyumbani kwao inasemwa radi ilitumwa. Usicheke, na usimruhusu mwingine acheke. Fizikia inaeleza chaji inavyojikusanya, kwa nini kitu kirefu kiko hatarini, na kwa nini mtu aliyesimama chini ya mwembe anaweza kuuawa na mkondo unaopita ardhini. Hilo lazima wote waondoke nalo, maana linaokoa maisha. Dai kwamba mtu ameituma fizikia halilipimi kwa sababu limejengwa hivi kwamba lolote litakalotokea litaonekana kuafiki: ikipiga imetumwa, isipopiga imezuiwa. Andika hilo ubaoni kama kipimo cha dai lolote: *ni matokeo gani yangelifanya dai hili lionekane si kweli?* Swali la Mungu likiinuka, na huwa linainuka, litendee haki hiyo hiyo. Maabara haina kipimo chake cha ndiyo wala cha hapana. Mwalimu anayesema sayansi imekanusha dini amevuka mpaka, na anayesema imeithibitisha amevuka upande wa pili.

Hatari inayokuja baada ya hapo

Wiki moja baadaye utamsikia mwanafunzi hodari akisema, "Kumbe sayansi ni maoni tu." Ukimwacha hivyo, umeharibu kuliko ulivyojenga. Funga kamba ya kuanikia nguo kutoka ukuta mpaka ukuta, ncha moja "tungeshangaa sana ikipinduka", ncha ya pili "bado kunabishaniwa". Wape vibanio na kadi: Dunia huzunguka Jua, T² ya pendulamu hulingana na urefu kwa pembe ndogo, maji moto huganda mapema, maada giza imeundwa na chembe za aina fulani. Kila anayebana kadi aeleze kwa nini pale na si sentimita thelathini kushoto.

Kisha weka kadi ya uvutano wa Newton na uwape kisa cha Le Verrier, mwanaastronomia wa Ufaransa. Uranus ilipokwenda kombo, alikokotoa kwamba kuna sayari isiyoonekana, na mwaka 1846 Neptune ikapatikana karibu na pale alipoelekeza. Utaridi ilipokwenda kombo pia, mwaka 1859 akatumia mbinu ile ile akatabiri sayari nyingine, Vulcan. Haikupatikana kamwe. Ile tofauti ndogo, sekunde 43 za tao kwa karne, ilipata maelezo mwaka 1915 kwa nadharia ya Einstein. Mbinu moja, mtu mmoja, mara ya kwanza ushindi na mara ya pili mkono mtupu. Hata hivyo satelaiti nyingi bado zinapangiwa njia kwa milinganyo ya Newton pamoja na marekebisho madogo. Kadi ya Newton ibanwe wapi? Mjadala huo unaweza kula dakika ishirini, uache.

Kusahihisha

Ukiendelea kutoa alama kwa ukaribu na 9.8, yote ya juu yamepotea, kwa sababu wanafunzi husoma kalamu nyekundu kuliko wanavyokusikiliza. Kwa ripoti ya alama 20 gawanya hivi: vipimo ghafi vilivyokamilika, pamoja na vilivyokatwa, 6, mashaka yaliyokokotolewa, 5, hitimisho lisilovuka data, 6, grafu na vizio, 3. Jibu la mwisho halina alama yake peke yake. Aliyepata 9.4 ± 0.5 na kueleza vizuri amshinde aliyeleta 9.81 bila mashaka.

Swali la mtihani wa ndani liwe la namna hii: *Kundi moja limepata sekunde 20.1, 20.3, 20.2 na 23.9 kwa mizunguko 10. Wafanye nini na kipimo cha nne, na kwa nini?* Anayesema "wakifute" apewe sifuri. Anayesema kikatwe, kibaki kikisomeka, waangalie kama mtu alihesabu mizunguko 12 badala ya 10 (23.9 inakaribia muda wa mizunguko 12), kisha warudie, apate zote.

Mtihani wa taifa bado utampa jedwali la kujaza na muda mfupi wa kulijaza, kwa hiyo mfundishe pia kasi. Ila mkumbushe kwamba anayesahihisha anaona nukta zote kwenye grafu, na grafu ambayo nukta zake zote zimelala juu ya mstari bila hata moja kutikisika huwa inajitangaza yenyewe.